Sura ya 5: London Kutokea Uani

Mgeni akifika London na kuulizia bei ya chumba, swali la pili haliko mbali. Ameziona boti ndefu zimefungwa kwenye mfereji nyuma ya kituo cha King's Cross, moshi unatoka kwenye bomba, baiskeli na magunia ya makaa yako juu ya paa. Anauliza: wale wanaishi humo kweli? Kodi wanamlipa nani? Na kama hawalipi, sisi tunangoja nini?

Jibu fupi ni kwamba wanaishi humo kweli, na wanalipa, ila wengi wao hawalipii mahali pa kulala. Badala yake wamekubali sharti moja: wasitulie. Zikipita siku 14 ni lazima wang'oe vigingi na kusogea. Watu wengi husimulia sharti hilo kana kwamba ni adhabu, na kwa mwenye watoto wa shule huenda ni adhabu kweli. Kwangu mimi ndilo lenye thamani kuliko mambo yote ya maisha haya. Humlazimisha mtu kuwa jirani wa mitaa ambayo kwa hiari yake asingeikanyaga.

Kwa nini boti hizi ni nyembamba?

Boti nyembamba ni chombo cha chuma chenye kitako bapa, upana wake takribani mita 2.1 na urefu usiozidi mita 22. Ndani ni kama behewa la treni lililogeuzwa nyumba: jiko, kochi, bafu na kitanda vimefuatana kwa mstari mmoja, na watu wawili wakipishana lazima mmoja ageuke ubavu. Anayeendesha husimama tezi, yaani nyuma, ameshika kana, ule mkono wa usukani. Akisukuma kana kulia, omo, yaani mbele ya chombo, inakwenda kushoto. Nahodha wa mashua wa Lamu asingehitaji kufundishwa hilo. Kinachomshangaza mgeni wa bahari ni mwendo: kikomo ni kilomita 6 na kitu kwa saa, na penye boti zilizofungwa unapunguza zaidi ili mawimbi yako yasimwage chai ya watu.

Wembamba huo ulitokana na hesabu za gharama. Karne ya 18 Waingereza walichimba mifereji kwa mikono ili wasafirishe makaa ya mawe, udongo wa kufinyangia na pamba. Mfereji wa Bridgewater, ulioanza kazi mwaka 1761, uliteremsha bei ya makaa mjini Manchester kwa karibu nusu, na baada ya hapo kila mwenye kiwanda alitaka mfereji upite mlangoni kwake. Mhandisi James Brindley, akitaka kuokoa maji na matofali, alijenga loki finyu katika mifereji ya katikati ya nchi. Boti zikaundwa zitoshee humo.

Loki ni chumba cha matofali kinachojengwa kwenye mfereji pale ardhi inapopanda au kushuka. Kina milango mizito mbele na nyuma. Boti ikishaingia, milango hufungwa, maji huachiwa kuingia au kutoka kupitia vilango vidogo vya chini, na boti hupanda au kushuka mpaka ifike usawa wa maji ya upande wa pili. Kwenye loki za kawaida hakuna pampu wala umeme. Kuna uzito wa maji, mpini wa chuma wa kuzungushia vilango, na mgongo wa mtu anayesukuma boriti ya mlango.

Zamani mwenye boti aliishi na familia nzima katika kibanda cha nyuma chenye urefu wa mita 3 hivi, sehemu yote iliyobaki ikiwa ya mzigo. Farasi alivuta boti kwa kamba, akitembea kwenye njia iliyo kando ya maji. Ndiyo njia ambayo leo hupita waendesha baiskeli wenye haraka. Watoto wa maboti hawakusoma, wala serikali haikuwajali mpaka sheria ya mwaka 1877 ilipoanza kuandikisha boti na kuweka idadi ya wanaoruhusiwa kulala ndani. Reli iliwapokonya mzigo, malori yakamalizia, na ile baridi ya mwanzoni mwa 1963, iliyogandisha mifereji kwa wiki nyingi, ikawaondoa wengi wa wasafirishaji waliobaki. Mifereji isingekuwapo leo kama si watu wachache wakaidi, akiwemo L.T.C. Rolt, ambaye kitabu chake *Narrow Boat* cha mwaka 1944 kiliwafanya wasomaji wa mijini waone kuna kitu cha kuokolewa.

Siku 14

Mifereji na mito mingi inayopitika England na Wales, jumla ya kilomita 3,200 hivi, iko mikononi mwa taasisi ya hisani iitwayo Canal & River Trust, iliyoipokea kazi hiyo kutoka shirika la serikali mwaka 2012. Kwao ndiko mwenye boti anakokata leseni kila mwaka. Hawampi mpaka aonyeshe bima na cheti cha usalama wa boti, ambacho hutolewa upya kila baada ya miaka 4.

Kisha anachagua. Anaweza kukodi gati la kudumu lenye bomba la maji na umeme, ambalo katikati ya London humgharimu maelfu ya pauni kwa mwaka, tena akilipata. Au anajiandikisha kuwa msafiri wa daima, mtu asiye na gati. Sheria ya mwaka 1995 inamtaka huyu wa pili asikae mahali pamoja zaidi ya siku 14 mfululizo, isipokuwa awe na sababu ya maana: ugonjwa, injini iliyokufa, barafu. Sehemu zinazogombewa zaidi zina muda mfupi kuliko huo, na baadhi unaweka nafasi mapema.

Sheria ilisahau kutaja umbali, na hapo ndipo ugomvi ulipozaliwa. Je, akihama daraja moja hadi linalofuata, amesafiri? Taasisi inasema anayezunguka ndani ya kilomita zisizofika 32 kwa muda wote wa leseni hatarajiwi kuiridhisha, na kwamba kwenda na kurudi baina ya vituo viwili vitatu si safari. Wenye boti hujibu kwamba sheria haikusema hivyo. Juu ya hayo, tangu Aprili 2024 wasio na gati hutozwa nyongeza ya leseni, na hasira haijapoa. Mimi naona pande zote mbili zina hoja: boti zimejaa London mpaka sehemu nyingine zinafungwa mbili mbili, ubavu kwa ubavu, lakini muuguzi wa hospitali ya Hackney hawezi kila mwezi kwenda kulala Hertfordshire, nje ya jiji.

*Kwa ufupi:* leseni, bima na cheti hulipiwa. Mahali pa kulala hapalipiwi ukikubali kuhamahama. Na neno "kuhama" lina tafsiri inayobishaniwa mpaka leo.

Sasa mwachie wakili ugomvi huo, uitazame sheria kwa jicho la mtu anayetaka kulijua jiji. Mpangaji wa chumba Tottenham anaijua Tottenham, basi lake na ofisi yake. Mtalii anaijua saa ya Big Ben. Mwenye boti anapata takribani wiki 2 kila mahali, muda wa kutosha kujua duka gani linauza gesi na mwokaji yupi hufungua alfajiri, lakini hautoshi kuzoea mpaka macho yaache kuona. Tena anaingia kila mtaa kwa mlango wa nyuma. Mifereji ilichimbwa kwa ajili ya mizigo, na viwanda na majumba viliipa mgongo. Barabarani London huonyesha sebule yake. Kwenye mfereji unaona jikoni, kamba za nguo, mabomba ya moshi na wapishi wa mahoteli wamechuchumaa wakivuta sigara.

Kutoka Alperton hadi mto Lee

Tuanze magharibi. Tawi la Paddington, lililofunguliwa mwaka 1801, lina kilomita 22 hivi bila loki hata moja, kwa hiyo ni mahali pazuri pa kumfundishia mgeni kushika kana. Funga boti yako Alperton, upande daraja la Ealing Road. Umetokea kwenye maduka ya dhahabu, sari, maembe ya maboksi na mboga za Kigujarati. Familia nyingi za huku zilitoka Kenya, Uganda na Tanzania miaka ya 1960 na 1970, wengine baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia mwaka 1972. Mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu iko kwenye orodha ya vyakula hotelini, na mzee wa duka akisikia Kiswahili chako huenda akakujibu kwa Kiswahili cha Kampala au Mombasa. Watalii hawafiki huku. Boti hufika kwa sababu hakuna loki na nafasi za kufungia si haba.

Ukisonga mashariki mfereji unapita juu ya barabara kuu ya North Circular kwa daraja la maji. Umesimama tezi, unakwenda mwendo wa mtembea kwa miguu, na chini yako foleni ya magari haisogei. Sijui mwenye boti asiyetabasamu hapo. Baadaye yanafuata makaburi ya Kensal Green, supamaketi ambayo wateja wengine hufunga boti nje yake, kisha bwawa la Little Venice lenye majumba meupe ya matajiri. Jirani yake kuna bandari ndogo ya Paddington, na ukutani kwake iko hospitali ya St Mary's, ambako Alexander Fleming aligundua penisilini mwaka 1928.

Little Venice ndipo panapoanzia mfereji wa Regent's, uliokamilika mwaka 1820, kilomita 14 hivi hadi Limehouse kwenye mto Thames. Mwanzoni unapita nyuma ya bustani ya Regent's Park, ambako hakuna kufunga boti. Kuna daraja lenye nguzo za chuma zilizochimbwa na kamba za farasi. Zitazame vizuri: mikwaruzo iko upande wa maji na upande wa nchi kavu pia. Oktoba 1874 boti iliyobeba baruti na mafuta ililipuka chini ya daraja hilo, ikaua watu watatu waliokuwemo. Nguzo zilisalimika, na daraja lilipojengwa upya ziligeuzwa, kamba zikaanza kuchimba upande mpya.

Mbele kidogo unapita katikati ya bustani ya wanyama ya London. Kile kizimba kirefu cha nyavu kilichokuwa cha ndege tangu miaka ya 1960 kilifunguliwa upya mwaka 2022 kwa ajili ya mbega weusi kwa weupe, jamii ya wale wa misitu ya Kenya na Kilimanjaro. Wenye tiketi huingia kwa lango kuu. Wewe unawaona mbega kutoka boti yako ukiwa na kikombe mkononi.

Camden ndiko loki zinakoanza: ziko 12 kutoka hapa hadi Limehouse, na zinakushusha mita 26 hivi. Loki za Regent's ni pana, boti mbili nyembamba huingia sambamba, jambo linaloharakisha urafiki. Tahadhari moja lazima isemwe: unaposhuka, weka boti mbele, mbali na kizingiti cha jiwe kilicho chini ya mlango wa juu. Maji yakipungua na tezi ikakalia kizingiti hicho, omo itazama. Boti huzama hivyo mpaka leo, na si za wageni tu. Pale Camden utafanya kazi hiyo ukitazamwa na mamia ya watu wenye sahani za chakula cha sokoni, na atatokea mmoja wa kukushauri.

Camden ya karne ya 19 ilikuwa mtaa wa mafundi wa piano; mbao zililetwa kwa mfereji na reli. Funguo za piano zilivikwa pembe za ndovu, na pembe nyingi za Afrika Mashariki wakati huo zilisafirishwa kupitia Zanzibar. Sidai kwamba jino la ndovu fulani wa Tabora lilipita kwenye loki hii. Nasema tu kwamba maghala haya ya matofali hayakujengwa kwa mapambo.

King's Cross palikuwa pachafu na pa kuogopwa usiku. Sasa ghala la nafaka la mwaka 1852 limekuwa chuo cha sanaa, maghala ya makaa yamekuwa maduka ya bei ghali, na duka la vitabu limefungua ndani ya boti ya zamani ya Kiholanzi. Karibu hapo kuna jumba la makumbusho la mifereji, lililo ndani ya ghala la barafu la Carlo Gatti, mfanyabiashara wa aiskrimu. Barafu ilikatwa Norway, ikaletwa kwa meli hadi Limehouse, ikapanda mfereji kwa boti na kuhifadhiwa kwenye visima viwili vilivyo chini ya sakafu. Kati ya makumbusho yote ya London, hili dogo ndilo ningempeleka mgeni kwanza, kwa sababu baada yake ataelewa kila ukuta anaoupita.

Kisha giza. Pango la Islington lina urefu wa mita 878 na limenyooka, hivyo kabla ya kuingia unatazama upande wa pili kama kuna taa inayokuja. Hakuna njia ya farasi ndani. Zamani wanaume walilala chali na kusukuma boti kwa kutembeza miguu ukutani, mpaka ilipoletwa boti ya mvuke ya kuvuta wengine kwa mnyororo mwaka 1826. Juu ya kichwa chako liko soko la Chapel Market, na wauza nyanya hawajui kuwa upo.

Ukitoka umefika mashariki. Kutoka Haggerston ni mwendo mfupi wa miguu hadi soko la Ridley Road, Dalston, penye bamia, ndizi za kupika, viazi vikuu na samaki wa kukausha. Kutoka bustani ya Victoria Park, iliyofunguliwa mwaka 1845, unaingia mfereji wa Hertford Union wenye loki 3, nao unakutoa kwenye mto Lee: viwanja vya michezo ya Olimpiki ya 2012 upande mmoja, viwanja vya mpira vya Hackney Marshes juu kidogo, halafu Tottenham, mabwawa ya Walthamstow, na nyumba zinaanza kupungua.

Maji, choo na moto

Kinachopanga safari hasa si vivutio. Ni haja ndogo ndogo hizi:

- Maji: tangi hujazwa kwenye mabomba ya njiani, na mabomba hayako kila mtaa. Unajifunza kuoga haraka.
- Choo: wengi hutumia kasha linalotolewa na kumwagwa kwenye vituo maalumu. Hili ndilo swali la kwanza la kila mtoto, na wakubwa hulizunguka.
- Umeme: paneli za jua wakati wa kiangazi, injini wakati wa baridi. Kati ya saa 2 usiku na saa 2 asubuhi hairuhusiwi kuwasha injini ili kuchaji betri.
- Moto: jiko la chuma la kuni na makaa, pamoja na king'ora cha gesi ya kaboni monoksaidi, gesi isiyo na harufu inayoua watu usingizini. Boti bila king'ora hicho usilale humo hata usiku mmoja.

Boti za wachuuzi hupita zikiuza makaa, gesi na dizeli. Anayekosa siku yake hubeba gunia begani. Ukiuliza wakazi wa boti wanakutania wapi, hawatakutajia baa. Watakutajia bomba la maji, foleni ya watu watatu, na habari za loki ipi imefungwa kwa matengenezo.

Anwani ni tatizo la kweli. Benki na waajiri wanaitaka, barua hupitia kwa rafiki. Daktari wa serikali hapaswi kukukataa kwa kukosa anwani, na kura unaweza kujiandikisha kwa kutaja mtaa unaohusiana nao, ila uwe tayari kumweleza karani sheria yake mwenyewe.

London isiyofikika

Elimu hii ya kulijua jiji kwa boti ina pengo kubwa. Mfereji wa Grand Surrey, uliokuwa unaelekea Peckham na Camberwell, ulifukiwa. Kusini mwa Thames, ambako Waafrika wengi wanaishi, boti haikupeleki. Thames yenyewe ina kupwa na kujaa, meli na mikondo. Kushuka humo na boti ya kitako bapa huhitaji kuagiza loki ya Limehouse mapema, kusubiri maji, na akili timamu. Anayedai ameijua London yote kwa boti ameijua ya kaskazini.

Basi, tuhamie?

Ukipiga hesabu ya leseni, bima, makaa, matengenezo na kupaka rangi nyeusi sehemu ya chini kila baada ya miaka 2 au 3, bado ni nafuu kuliko kupanga katikati ya London. Lakini bei ya kununua boti nzuri si ya mtu anayebangaiza, benki huogopa kuikopeshea, na anayekimbilia boti kwa sababu tu kodi imemshinda mara nyingi hununua chuma kilicholiwa na kutu. Ukitaka kununua, lipa mkaguzi aitoe majini na kupima unene wa chuma kabla hujatoa hata amana.

Na usiende kutazama mwezi Juni, wakati kila boti ina maua juu ya paa na wenyewe wanacheka. Nenda Januari, saa 11 jioni, giza limeshaingia. Tembea kutoka Victoria Park hadi Tottenham kwa ile njia ya farasi; haina kiingilio. Ukimkuta mtu anapasua kuni, msalimie, umuulize betri zake zinashikaje chaji na choo alikimwaga lini. Watu wa boti hawafichi mambo hayo. Majibu yake yakikuvutia badala ya kukukimbiza, anza kutafuta boti.